Makopo ya antioksidanti ya mama na mifupa yake: namna ya kuyachambua na pesa hiyo iende wapi

Mama yangu ana miaka 67. Mwaka juzi aliteleza nje ya bafu, yaani hakuanguka kutoka juu ya kitu wala hakugongwa na bodaboda, aliteleza pale pale aliposimama akatanguliza mkono chini kujikinga na kifundo cha mkono kikavunjika. Tukaenda hospitali, eksirei, akafungwa hogo wiki sita. Daktari wa mifupa akamuuliza swali ambalo sisi wote hatukulitegemea, "Mama, zamani ulikuwa mrefu kuliko hivi?" Tukatazamana na dada. Kwa sababu kweli lile gauni lake la kitenge ambalo miaka yote lilikuwa linaishia kwenye vifundo vya miguu, siku hizi lilikuwa linafagia chini, na sisi tulikuwa tunadhani limelegea kwa kufuliwa. Kumbe sio gauni, ni mgongo umefupika. Pingili za mgongo zilikuwa zimebonyea kidogo kidogo bila mtu kujua.

Akapimwa uzito wa mifupa, kile kipimo cha DEXA, majibu yakaja -2.8. Hiyo ndo osteoporosisi, mifupa imekuwa myepesi, ndani imejaa vitundu, na mtu akidondoka kidogo tu inavunjika.

Sasa kilichoniuma ni kwamba mama alikuwa anajua ana shida ya mifupa na alikuwa anajitibu. Nyumbani kabatini tulikuta makopo manne. Alikuwa anayanunua kwa mama mmoja anayepita kwenye kikoba chao, kaambiwa ni antioksidanti, zinaondoa sumu mwilini na kujaza mifupa, na alikuwa anatoa zaidi ya laki moja na nusu kila mwezi huku maziwa kaacha kununua kwa sababu "maziwa yamepanda bei". Naandika hii kwa ajili ya watu wenye mama, shangazi, bibi wenye makopo kama yale kabatini, niwaeleze tulivyoyachambua moja moja na tulichofanya badala yake. Msimamo wangu nausema mapema: kwa mifupa, kopo la antioksidanti halina kazi inayolingana na hela yake, na baadhi yanaweza kuidhoofisha hiyo hiyo mifupa unayoilinda.

Nianze na kwanini maneno ya wauzaji yanaingia akilini, maana sio kwamba yametungwa yote. Mfupa ni kitu hai. Ndani yake kuna seli zinazobomoa mfupa mkuukuu na seli zinazojenga mpya, kila siku, kama fundi mmoja anavunja ukuta na mwingine anapandisha. Mpaka kwenye miaka 30 hivi wajenzi wanaongoza au wako sawa, baada ya hapo wabomoaji wanaanza kuwazidi taratibu, na mwanamke akishakoma hedhi ile homoni ya estrojeni iliyokuwa inawazuia wabomoaji inashuka, hapo mfupa unapotea kwa kasi, anaweza kupoteza mpaka asilimia 20 ndani ya miaka mitano hadi saba. Na ni kweli maabara wameona kwamba zile kemikali za oksijeni zinazochafua seli zinawapa nguvu wabomoaji na kuwachosha wajenzi. Na antioksidanti ni vitu vinavyozima hizo kemikali, vitamini C, vitamini E, karotini, seleniamu na vinginevyo. Kwa hiyo mtu anaunga hapo hapo, basi nikimeza antioksidanti mfupa unapona.

Shida ni hapo kwenye kuunga. Kuna utafiti wa Framingham kule Marekani uliotoka 2009, wazee waliofuatiliwa miaka 15 hadi 17, waliokuwa wanapata vitamini C nyingi zaidi walivunjika nyonga mara chache. Nautaja ili nisiwe mtu wa upande mmoja. Lakini huo ni wa kuangalia watu wanavyoishi, hawakugawiwa vidonge, na mtu anayekula matunda sana mara nyingi ndo huyo huyo anayetembea, asiyevuta sigara na mwenye uwezo wa kifedha. Ukitaka kujua kidonge chenyewe kinafanya nini, lazima watu wagawanywe, hawa wapewe kidonge hawa wapewe cha bandia kisicho na dawa ndani. Na tulishaona mambo yanavyogeuka. Finland waliwapa wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000 beta-karotini wakitegemea kuwakinga na saratani ya mapafu kwa sababu walaji wa mboga na karoti walionekana kuipata kidogo, majibu ya 1994 yakaonyesha waliomeza beta-karotini walipata saratani hiyo asilimia 18 zaidi. Marekani wakafanya wa kwao wakausimamisha kabla ya muda 1996 kwa sababu hiyo hiyo. Kwenye vitamini E nako wanaume zaidi ya 35,000 walifuatiliwa, mwaka 2011 ikaonekana waliomeza vitamini E peke yake kila siku walipata saratani ya tezi dume asilimia 17 zaidi. Hizo ni habari za saratani sio za mifupa, nazileta kwa sababu watu wanaamini kitu cha kwenye tunda kikiwekwa kwenye kidonge hata kisiposaidia hakidhuru. Sio kweli. Tunda lina vitu mamia kwa kipimo kidogo kidogo, kidonge kina kitu kimoja kwa kipimo ambacho hakuna mti unazaa.

Haya tuje kwenye kazi yenyewe. Chukua makopo yote, YOTE, hata la mafuta ya samaki ambalo mama atakwambia "hilo sio dawa hilo", yapange mezani penye mwanga, chukua simu ufungue kamera ukuze maandishi maana yale ya nyuma yameandikwa kama sisimizi. Usisome mbele. Mbele kuna picha ya goti linang'aa. Geuza nyuma pale penye jedwali, uangalie kwanza idadi ya vidonge kwa siku maana wengine wanaandika kiasi cha kidonge kimoja na wengine cha vidonge vitatu. Alafu chukua karatasi uandike jina la kitu kimoja kimoja na kiasi chake, kopo kwa kopo, ujumlishe. Ni hesabu ya shule ya msingi ila ndo iliyotufungua macho.

Kitu cha kwanza kukitafuta ni vitamini A. Hii ni antioksidanti inayouzwa sana na ndo ninayoiogopa kwa watu wenye mifupa dhaifu. Angalia imeandikwaje. Ikiwa ni retinol, retinyl palmitate au retinyl acetate, hiyo ni vitamini A yenyewe iliyokamilika, na ikizidi kwa muda mrefu inawachochea wale wabomoaji wa mfupa. Ikiwa ni beta-carotene hiyo ni ile ya karoti, mwili unaigeuza kwa kadiri unavyohitaji na kwa mifupa haina tatizo hilo, ila mvuta sigara asiguse vidonge vyake kwa sababu ya ile habari ya Finland. Wauguzi wa Marekani zaidi ya 72,000 waliokwisha koma hedhi walifuatiliwa miaka 18, matokeo yakatoka 2002, waliokuwa wanapata retinoli kuanzia maikrogramu 2000 kwa siku walivunjika nyonga karibu mara mbili ya wale waliokuwa chini ya 500. Mahitaji ya mwanamke mtu mzima ni 700 tu kwa siku na ya mwanaume 900, na kikomo ambacho hutakiwi kukivuka ni 3000.

Sasa kopo la kwanza la mama, multivitamini, lilisema vitamini A IU 5000. Usitishwe na IU, ni kipimo cha kimataifa cha vitamini, kwa retinoli gawa kwa 3.33 unapata maikrogramu, kwa hiyo 1500. Kopo la pili la "antioksidanti A, C, E" nalo 1500. La tatu mafuta ya ini la samaki, 800. Dada akawa anaandika mimi nasoma, jumla 3800. Kila siku, miaka miwili. Na mama anapenda maini, kila Jumamosi lazima achemshiwe, na gramu 100 tu za maini ya ng'ombe zina kama maikrogramu 9000. Tulikaa kimya. Mama akasema, "Sasa mwanangu mbona waliniambia yanajenga?" Sikuwa na la kumjibu, nilimshika mkono ule uliovunjika nikamwambia tutayapanga upya.

Kwa hiyo kama mtu wako ana zaidi ya miaka 50 na kopo lina retinoli, muulize daktari au mfamasia kama ana sababu yoyote ya kuimeza, na kama hana, liachwe. Maini mara moja kwa wiki kwa kipande kidogo inamtosha kabisa bila kidonge kingine cha vitamini A. Ila jamani naomba nisieleweke vibaya, yale matone ya vitamini A wanayopewa watoto wa chini ya miaka mitano kliniki kila miezi sita ni kitu kingine kabisa, yale yanaokoa macho na maisha, mpeleke mtoto apate.

Ukitoka hapo angalia vitamini E. Nyingi zina IU 400, mahitaji ya siku ni kama miligramu 15, yaani IU 22 hivi, na mbegu za alizeti na karanga zinakupa sehemu nzuri tu. Vidonge vikubwa vya E vinalainisha damu, kwa hiyo mtu anayetumia warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, au aspirini ya moyo anaweza kuvuja damu, na mtu anayesubiri operesheni lazima amwambie daktari. Seleniamu mahitaji ni maikrogramu 55 kwa siku na kikomo 400, makopo mawili yakiwa nayo yote inasogea haraka, ikizidi nywele zinakatika na kucha zinaharibika. Vitamini C ndo ya upole kuliko zote, mwili unaitumia kweli kutengeneza kolajeni, yaani ule utando unaoshika madini ya mfupa yasiwe kama chaki. Lakini mahitaji ni miligramu 75 kwa mwanamke na 90 kwa mwanaume, na pera moja la wastani linazidi hapo. Pera moja! La shilingi mia, mia mbili. Mtu anameza miligramu elfu moja za kwenye kopo, nyingi inatoka kwenye mkojo, na akivuka 2000 kwa siku anaharisha na mwenye historia ya mawe kwenye figo anajiongezea. Vidonge vya chai ya kijani iliyokolezwa, hivi kuwa navyo makini sana maana kuna watu wameumia ini, kunywa chai ya kijani kwenye kikombe ni sawa, kidonge chake ni habari nyingine.

Alafu kuna kugongana kwa dawa, hapa ndo wengi hatuulizwi na wala hatusemi. Anayetumia ARV zenye dolutegravir, na siku hizi ndo wengi, akimeza kalsiamu, chuma au multivitamini yenye madini tumbo likiwa tupu, madini yanaishika ile dawa isiingie mwilini vizuri. Ameze zote pamoja na chakula, au ARV itangulie masaa mawili kabla, au isubiri masaa sita baada ya madini. Asiache ARV kwa ajili ya mifupa hata kama amesikia tenofovir, moja ya hizo ARV, inapunguza mfupa kidogo, inapunguza kweli lakini kuacha ndo hatari, aongee na kliniki yake. Dawa ya tezi ya shingo, levothyroxine, iwe mbali na kalsiamu masaa manne. Antibayotiki kama ciprofloxacin na doxycycline nazo zisichanganywe na kalsiamu. Kwa hiyo ile karatasi uliyoandika hesabu, upande wa pili andika dawa zote anazotumia, uende nayo kwa mfamasia umpe aisome. Ni bure na inachukua dakika kumi.

Kilichobaki kwa mama baada ya kuchambua ni sifuri kati ya manne. Daktari akaandika vyake, nitavifikia. Ile hela ya makopo tukaihamishia jikoni.

Na antioksidanti bado anazipata, usidhani tumezifukuza. Papai, embe msimu wake, karoti, nyanya zilizopikwa na mafuta, maboga, mchicha, ubuyu wa unga mweupe kwenye juisi, ule wa rangi nyekundu wa kumung'unya ni pipi. Matunda mawili na mboga mara mbili kwa siku, hapo sina maneno mengi.

Maneno mengi ninayo kwenye kalsiamu kwa sababu ndo tofali lenyewe. Mwanamke akivuka miaka 50 anahitaji miligramu 1200 kwa siku, mwanaume 1000 mpaka 70 kisha naye 1200. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina kama 300, mtindi hivyo hivyo, na mtu ambaye maziwa yanamvuruga tumbo mara nyingi mtindi unamkubali. Dagaa, na wa Kenya mnaita omena, hawa ni zawadi kubwa ambayo tunaidharau kwa sababu ni chakula cha bei nafuu. Ukimla dagaa mzima na mifupa yake ndo unakula kalsiamu, kiganja kimoja cha dagaa wakavu kinasimama na glasi ya maziwa bila wasiwasi. Mama alikuwa anawatoa vichwa na kuwachambua ule mfupa wa katikati, nikamwambia mama hapo unatupa dawa, sasa anawaosha na maji ya moto anawakaanga mpaka wanalia kwenye meno, nyanya na limao. Unga wa ulezi una zaidi ya miligramu 300 kwa gramu 100, kiasi ambacho mahindi hayakifikii hata kwa mbali, uji wake ukichachushwa usiku mmoja unafyonzwa vizuri zaidi. Ufuta usiokobolewa nao umejaa. Kuna jambo moja la mboga watu hawalijui: mchicha una kalsiamu lakini una oksaleti zinazoishikilia, kiasi kidogo tu kinaingia, wakati sukuma wiki inaiachia vizuri. Kula mchicha kwa mambo mengine, ila ukihesabu kalsiamu hesabu sukuma. Na chumvi punguza, maana chumvi ikitoka kwenye mkojo inatoka na kalsiamu. Na protini isikosekane, wazee wengi wanaishia chai na mkate, weka yai, maharage, samaki, mfupa bila nyama ya kuushika hausimami.

Hesabu ya siku ya mama sasa inakwenda hivi, asubuhi uji wa ulezi na glasi ya maziwa ndani yake, mchana ugali dagaa na sukuma, jioni kikombe cha mtindi. Anafika kama 900 au 1000. Pale panapopungua ndo kidonge cha kalsiamu kinaingia, kuziba pengo tu, sio juu ya chakula kilichotosha. Hapa pia soma lebo vizuri: ikiandika calcium carbonate 1250 mg, kalsiamu yenyewe humo ni 500, maana ni asilimia 40 tu. Ya carbonate imezwe na chakula, ya citrate inakubali hata bila chakula na inawafaa wanaotumia dawa za kupunguza asidi ya tumbo. Usimeze zaidi ya 500 au 600 kwa mkupuo, mwili hauwezi kuichukua yote. Na usiweke pamoja na vidonge vya chuma, vinagombana.

Vitamini D ndo mlango wa kalsiamu, bila hiyo unakula na haiingii. Inahitajika IU 600 kwa siku, ukivuka miaka 70 ni 800. Sisi tunasema jua tunalo bure, ni kweli, lakini mama alikuwa anatoka saa moja asubuhi kwa sababu kaambiwa "jua la asubuhi ndo zuri". Lile la saa moja halitengenezi vitamini D ya maana. Angalia kivuli chako, kikiwa kirefu kuliko wewe mionzi inayotakiwa ni hafifu, kikiwa kifupi kuliko wewe ndo ipo. Kwa hiyo saa nne au saa tano, mikono na miguu wazi, uani kwake mwenyewe ambako hana haja ya kujifunika, dakika chache mara kadhaa kwa wiki wala sio kukaa mpaka uungue. Ngozi nyeusi inahitaji muda zaidi kuliko nyeupe. Ndugu zetu wenye ualbino hii ya jua haiwahusu hata kidogo, kwao ni chakula na kidonge kwa ushauri wa daktari. Na mlioko Muscat au Dubai mnaoishi ndani ya AC na nje mmejifunika, na mlioko Uingereza na Ulaya, msitegemee jua. Uingereza serikali inashauri maikrogramu 10, yaani IU 400, kila siku majira ya baridi, na wenye asili ya Afrika wafikirie mwaka mzima. Ila nayo usiifanye kama pipi, kikomo ni IU 4000 kwa siku, na Marekani walipowapa watu karibu 26,000 IU 2000 kila siku bila kuchagua nani ana upungufu, majibu ya 2022 yalionyesha kuvunjika hakukupungua. Inamsaidia anayepungukiwa.

Hakuna kidonge kinachofanya kazi ya mguu kukanyaga chini. Mfupa unaongezeka nguvu ukibebeshwa mzigo, kwa hiyo kutembea, kupanda ngazi, kusimama kutoka kwenye kiti bila kushika. Mama alianza na kiti cha plastiki kimeegemezwa ukutani kisiteleze, mikono kifuani, anasimama anakaa, siku ya kwanza alifika mara nne akakasirika, sasa anafika kumi na tano mara mbili kwa siku. Alafu anasimama mguu mmoja kashika sinki la jikoni wakati anasubiri chai ichemke, sekunde kumi huku kumi kule. Tiba ya viungo walituambia mtu ambaye pingili zake zimeshabonyea asijikunje mbele na mzigo, na hapo ndo nilipogundua nyumba zetu zimejaa kuinama: ufagio wa chelewa mfupi, kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, kufua kwenye beseni lililo chini. Tukanunua ufagio wa mpini mrefu, beseni likapandishwa juu ya meza, nazi anakuna mjukuu. Mama alinuna wiki nzima kuhusu nazi, kwamba hakuna anayeikuna kama yeye, na ni kweli, lakini mgongo ni mmoja.

Na ile sehemu alipoteleza. Nilichuchumaa pale nikapapasa sakafu kwa mkono, ilikuwa na ukoko wa kijani unaoteleza kama sabuni, tulikuwa tunaukanyaga miaka yote. Tukasugua kwa brashi ya waya, tukamwaga zege la mchanga mkavu lenye mikwaruzo, fundi akaweka bomba la kushika ukutani kwa elfu thelathini na tano. Kandambili zake zilizoisha soli zikatupwa. Taa ya kolido inalala inawaka. Vitambaa vya sakafuni vinavyojikunja tumeondoa. Macho akapimwa, miwani mpya. Hizi ni kazi za siku mbili na ukiniuliza kitu gani kimoja nifanye kesho asubuhi kwa mzee wangu, nitakwambia nenda kachuchumae bafuni kwake.

Kupimwa: mwanamke wa miaka 65 na kuendelea, au aliyekoma hedhi mapema, aliyevunjika kwa kuanguka kidogo, aliyefupika kama sentimita nne au zaidi, ambaye mzazi wake alivunjika nyonga, mvuta sigara, mnywaji, na aliyetumia prednisolone miezi mitatu au zaidi kwa pumu, baridi yabisi au ugonjwa mwingine. DEXA haipo kila hospitali, iko zaidi miji mikubwa, uliza kabla ya kusafiri. Jibu likiwa -1 kwenda juu ni kawaida, kati ya -1 na -2.5 mfupa umeanza kupungua, -2.5 kushuka chini ni osteoporosisi. Ukikosa kipimo usikate tamaa, historia ya kuvunjika peke yake inaweza kumtosha daktari kuanza tiba.

Na tiba zipo, hili watu hawalijui wanadhani ni uzee. Mama alianzishiwa alendronate ya miligramu 70, dawa ya kuwapunguza kasi wale wabomoaji wa mfupa, kidonge kimoja kwa wiki. Sisi tumechagua Jumapili. Anaamka, kabla ya chai, kabla ya kitu chochote, kidonge na glasi nzima ya maji meupe, sio maziwa sio juisi, alafu nusu saa asilale wala asijilaze kwenye kochi, akae wima au atembee, maana kikikwama kooni kinachoma. Ndipo anywe chai. Kalsiamu yake ya siku hiyo inakuja baadaye na chakula cha mchana. Kabla ya kuanza daktari aliangalia figo, kiwango cha kalsiamu kwenye damu, na akamtuma kwa daktari wa meno kwanza, msiruke hiyo hatua.

La mwisho ambalo ningependa kila nyumba ilijue. Mzee akiinua ndoo au akipiga chafya kwa nguvu na ghafla mgongo ukauma mahali pamoja vikali, usiite mtu wa kumchua, wala usimkande kwa kumkandamiza na kisigino. Inaweza kuwa pingili imebonyea. Mlaze kwa namna isiyomuumiza, na mpeleke akapigwe eksirei ya mgongo siku hiyo hiyo, na ukiona miguu inakufa ganzi, inaishiwa nguvu au mkojo unagoma, usisubiri kuche.